Nimeacha dawa za presha kwa ajili ya mtoto aliye tumboni. Je, nimefanya sawa?

*"Daktari, shikamoo. Nina miaka 33, naishi Ukerewe, nauza dagaa Nansio. Mimba yangu ya kwanza, mwaka 2021, presha ilipanda mwezi wa nane nikakimbizwa Mwanza nikafanyiwa upasuaji. Mtoto alitoka na kilo 1.7, namshukuru Mungu sasa anakimbia nyumba nzima. Waliniambia presha ya mimba huisha ukishajifungua, lakini yangu haikuisha, nikaanzishiwa losatani, kidonge kimoja kila siku. Sasa nina mimba tena, wiki ya 9. Wifi yangu akaniambia dawa za presha zinalemaza mtoto, nikaacha, leo ni wiki ya pili. Vidonge vya damu nilivyopewa zahanati sijavigusa, maana vinaongeza damu, na damu ikizidi si ndiyo presha inapanda? Mama mkwe ananichemshia mlonge na kitunguu saumu. Sijisikii vibaya hata kidogo, ila juzi nilipima duka la dawa nikaambiwa 156/98. Je, nimeshamuumiza mtoto kwa losatani niliyomeza bila kujua nina mimba? Nirudie dawa au nisubiri? Na je, naweza kujifungulia zahanati ya hapa kijijini, nesi ananifahamu, maana safari ya Mwanza ni gharama?"*

Marahaba, dada yangu. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Kuacha losatani umefanya vyema. Kukaa wiki mbili bila dawa nyingine badala yake ndiko kwenye hatari, na hilo lirekebishwe ndani ya siku chache hizi, usingoje tarehe ya kliniki ya mwezi ujao.

Wifi yako kasema jambo ambalo nusu yake ni kweli. Nusu-kweli kwenye mambo ya uzazi husumbua kuliko uongo mtupu, kwa sababu anayeifuata anakuwa na hakika kabisa kwamba anamlinda mwanawe. Akina mama wengi wenye presha hufika kliniki wakiwa wamefanya kama wewe: wameacha dawa zote kwa mapenzi ya mtoto, wanajisikia wazima, na kipimo kinasoma namba za kutisha. Kwa hiyo usijilaumu. Tuzitenganishe tu dawa zenyewe, maana "dawa za presha" si dawa moja.

Losatani inashusha presha kwa kuzuia kichocheo cha mwili ambacho hubana mishipa na kuziambia figo zishike chumvi. Kwako ni dawa nzuri. Shida ni kwamba inavuka kwenda kwa mtoto, na figo za mtoto zinahitaji kichocheo hichohicho ili zikue na kufanya kazi. Kuanzia karibu mwezi wa nne, sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka mtoto tumboni ni mkojo wake mwenyewe. Figo zikilegea, maji hupungua. Maji yakipungua, mapafu hayapati nafasi ya kutanuka na mifupa ya fuvu haijengeki vizuri. Wapo watoto wanaozaliwa figo zao hazifanyi kazi kabisa. Hayo ndiyo wifi yako aliyoyasikia mahali, na ni kweli. Lakini ni mambo ya mimba iliyokwishavuka miezi mitatu ya mwanzo. Wewe uliacha wiki ya 7. Watafiti waliowafuatilia wanawake waliomeza dawa za kundi hili mwanzoni tu mwa mimba, wakatenga madhara ya presha yenyewe, hawakuona ongezeko la wazi la ulemavu. Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivi: hakuna sababu ya kuamini kwamba umemuumiza. Usiimeze tena mpaka ujifungue, na usikubali ndugu zake: valsatani, telmisatani, enalaprili, kaptoprili, lisinoprili. Mtu yeyote akikuandikia dawa ya presha, mwambie una mimba hata kama unadhani anaona.

Sasa upande wa pili, ambao wifi hakuusikia.

Presha ya 140/90 na kuendelea iliyokuwepo kabla ya mimba, au iliyoonekana kabla ya wiki ya 20, tunaiita presha sugu. Yako ni hiyo. Ya 2021 ilikuja na mimba. Hii ya sasa ilikuwepo tayari, mimba ndiyo imeikuta. Tofauti yake naomba uishike vizuri, kwa sababu kila unayemweleza atakuambia "hiyo ni presha ya mimba, itaisha." Yako haitaisha kwa kujifungua. Iliwahi kuahidiwa hivyo mara moja na ikakataa.

Ili uelewe presha inamfanya nini mtoto, niazime majaruba ya mpunga, maana nadhani umeyaona ya kutosha. Maji yakiingizwa jarubani kupitia mlango mpana, yanaingia taratibu, yanatambaa mpaka pembeni, kila mche unapata. Ukielekeza kwenye miche hiyohiyo maji ya bomba yanayofyatuka kwa nguvu, utang'oa iliyo karibu na kuacha ya mbali ikikauka, ingawa maji ni yaleyale. Kondo la nyuma hulishwa vivyo hivyo. Katika mimba inayokwenda vizuri, chembe za kondo huingia kwenye mishipa ya mfuko wa uzazi, ile myembamba iliyojikunja, na kuibomoa kuta zake mpaka inakuwa mipana na milegevu. Damu ya mama inaingia kwa upole. Kazi hiyo hufanyika zaidi katika nusu ya kwanza ya mimba, yaani wakati ambapo tumbo halijaonekana na mama wengi hawajaenda kliniki hata mara moja. Mishipa ikiwa haikupanuka vizuri, damu huingia kwa kasi kama ya lile bomba, kondo linachubuka, sehemu zake zinakufa, na mtoto anapata mgawo pungufu wa chakula na hewa. Anakua polepole. Mwanao wa kwanza alipotoka na kilo 1.7, sehemu ya hadithi yake ni kuzaliwa miezi haijatimia, lakini sehemu nyingine huenda ni hii.

Kondo linaloteseka halikai kimya. Linamwaga kwenye damu ya mama kemikali zinazochokoza ngozi ya ndani ya mishipa yake, mwili mzima. Figo zinavujisha protini kwenye mkojo, ini linavimba, ubongo unavimba, chembe za kugandisha damu zinapungua. Ikifika kwenye ubongo mama anadondoka na kutetemeka. Ndicho kifafa cha mimba. Jina hili limetuponza sana, kwa sababu limewafanya watu waupeleke ugonjwa kwa mganga wa kifafa, au kanisani kukemewa. Hauna uhusiano na kifafa cha kawaida wala na mapepo. Unaanzia kwenye kondo, na ndiyo maana tiba yake ya mwisho ni mtoto na kondo kutoka.

Kati ya wanawake wanne wenye presha sugu, karibu mmoja huingia kwenye hali hii ya kondo kuteseka, tunayoiita dalili za kifafa cha mimba, hata kama hafikii kudondoka. Wewe unayo historia ya 2021, kwa hiyo nafasi yako ni kubwa kidogo kuliko hiyo. Nakuambia bila kupunguza kwa sababu umeuliza kama mtu anayetaka kujua. Lakini ni vizuri uisome namba hiyo na kwa upande wake mwingine: wengi zaidi hawapati.

Je, dawa inasaidia? Kwa miaka mingi sisi madaktari wenyewe tulibishana. Kulikuwa na hofu kwamba ukimshushia mama presha isiyo kali sana, utampunguzia mtoto damu, kwa hiyo wengi walisubiri mpaka ifike 160. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Marekani kwa wanawake 2,408 wenye presha sugu kama yako. Nusu walitibiwa ili presha ikae chini ya 140/90, nusu waliachwa isipokuwa ikipanda sana. Kwa waliotibiwa, 30 kati ya 100 walipata tatizo kubwa: kifafa cha mimba au dalili zake kali, kuzaa mapema mno kwa sababu za kiafya, kondo kubanduka au mtoto kufa. Kwa walioachwa walikuwa 37 kati ya 100. Na watoto wa waliotibiwa hawakuwa wadogo kuliko wenzao kwa kiasi cha kutia shaka. Mjadala ukaisha kwa walio wengi. Uone pia kwamba 30 kati ya 100 walipata tatizo wakiwa kwenye dawa, na hospitali zao zina kila kitu. Dawa inapunguza, haifuti. Ndiyo maana baada ya kuzungumzia dawa nitakusumbua kuhusu safari.

Dawa zinazotumika ni chache na zinajulikana. Metildopa ndiyo kongwe, imetumiwa na wajawazito kwa miongo mingi na ipo karibu kila hospitali ya wilaya. Humezwa mara mbili au tatu kwa siku, inaleta usingizi na uchovu wiki za mwanzo, na kwa wengine huleta huzuni. Ukijiona unalia bila sababu, sema. Nifedipini ile inayotoka taratibu ni nzuri pia. Huweza kuuma kichwa na kuvimbisha miguu mwanzoni. Humezwa nzima: usiivunje, usiitafune, na asikuwekee mtu chini ya ulimi. Ya tatu ni labetaloli, ambayo mwenye pumu haimfai. Ukikuta umeandikiwa amlodipini usiogope, haimo kwenye lile kundi la losatani, ingawa wengi wetu hupendelea nifedipini kwa kuwa imezoeleka zaidi kwa wajawazito. Ipi kati ya hizo na kiasi gani, ataamua atakayekupima, mimi sikuoni.

Kuna kidonge kingine utakachotakiwa kukiuliza wewe mwenyewe, kwa sababu kinasahaulika: aspirini ndogo, miligramu 75 mpaka 150, kila usiku, kuanzia wiki ya 12 na ikiwezekana kabla ya 16. Siyo ile ya 300 ya kutuliza maumivu. Inapunguza kuganda kwa damu kwenye mishipa ya kondo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, kwa wanawake walioonekana kuwa hatarini, dalili za kifafa cha mimba zinazolazimisha kuzaa kabla ya wiki ya 37 zilishuka kutoka 4.3 kwa mia hadi 1.6 kwa mia. Kwa wale waliokuwa na presha sugu faida haikuonekana wazi kiasi hicho, nakiri. Hata hivyo kwa historia kama yako, na kidonge cha bei ndogo kisicho na madhara mengi, mimi ningekuanzishia. Kama una vidonda vya tumbo, sema kwanza.

Twende kwenye vidonge vya damu, kwa sababu hapa nataka tubishane kidogo. Nimesikia hoja yako mara nyingi, na ina mantiki: presha ni damu kusukuma kwa nguvu, vidonge vinaongeza damu, basi vinaongeza presha. Kosa liko kwenye neno "kuongeza damu." Kidonge kile kina madini ya chuma na foliki asidi. Hakiongezi ujazo wa kilichomo kwenye mishipa; kinaongeza wekundu wa damu, yaani uwezo wake wa kubeba hewa. Ujazo wenyewe mimba inauongeza bila kukuuliza, karibu nusu zaidi ya kawaida, na sehemu kubwa ni maji, ndiyo maana damu ya mjamzito huwa nyepesi. Mtu anaweza kuwa na presha ya 180 huku viganja vyake ni vyeupe kama karatasi. Kwako upungufu wa damu ni hatari mara mbili, kwa sababu una kovu la upasuaji na huenda ukafanyiwa mwingine, na presha inaongeza uwezekano wa kondo kubanduka kabla ya wakati. Hizo zote ni nafasi za kupoteza damu. Ongeza malaria ya huku kwetu. Ongeza na kichocho, ambacho mtu wa Ukerewe aliyekulia ziwani asidhani kimempita. Vidonge umeze kuanzia leo usiku. Neti lala ndani yake. Suala la kichocho liulize kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza, dawa yake inaruhusiwa.

Mama mkwe nisalimie. Majani ya mlonge kama mboga ni chakula kizuri, kitunguu saumu kwenye mchuzi hakina neno. Magome na mizizi ya mlonge sitaki, vinaweza kuuamsha mfuko wa uzazi. Na hata hayo majani, yasichukue nafasi ya dawa. 156/98 umeipata ukiwa unayanywa. Ninachoogopa zaidi ni mwezi wa tisa, ile mizizi anayopewa mama ili uchungu uharakishe. Mfuko wenye kovu ukisukumwa na dawa ambayo hakuna ajuaye nguvu yake, unaweza kupasuka. Nimeona mfuko uliopasuka. Sitaki kuuelezea.

Kuhusu chakula sina mengi. Samaki wa chumvi na kayabo punguza, chumvi ya mezani acha, lakini usijinyime kula ukidhani njaa inashusha presha. Na biashara yako inakupa faida moja ambayo hukuiuliza. Dagaa wakiliwa wazima na mifupa yao wana madini ya kalsiamu, na kwa wanawake ambao chakula chao kina kalsiamu haba, kuyaongeza hupunguza dalili za kifafa cha mimba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya gramu 1.5 mpaka 2 kwa siku kwa jamii za namna hiyo. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na India, ukachapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba kwa wenye mimba ya kwanza hata nusu gramu ilifanya kazi sawa na gramu moja na nusu. Wewe si wa mimba ya kwanza, lakini vikipatikana chukua, na usivimeze pamoja na vya chuma, vipishanishe kwa saa kadhaa.

Umeandika "sijisikii vibaya hata kidogo." Kati ya yote uliyoniandikia, hilo ndilo lililonifanya nikae nikujibu kwa urefu. Presha haina sauti. Tena mimba ina mtego wake: mishipa ya mama hulegea, na kuelekea wiki ya 16 mpaka 20 presha hushuka yenyewe. Utapima siku hiyo, utaambiwa 124/78, na mtu atakupongeza kwa mlonge. Wengi huacha dawa hapo. Miezi mitatu ya mwisho inapanda tena, na kwa kasi, ikiwakuta hawana kinga. Ikishuka sana daktari atakupunguzia kiasi. Usijipunguzie.

Kama mna uwezo wa kununua kipimo, nunueni cha kuvaa juu ya kiwiko, si cha kifundo cha mkono, na mkanda uutoshe mkono wako. Kama hamna, nesi wa zahanati ndiye mtu wako. Nimependa kwamba anakufahamu. Muombe akupime presha na mkojo kila baada ya wiki mbili, na kuanzia wiki ya 32 kila wiki, aandike kwenye kadi kila namba hata kama ni nzuri. Hiyo ni kazi kubwa kuliko kukuzalisha.

Kuzalisha, hapana. Hapo nakataa bila kuzunguka. Una presha, una kovu, na mtoto wako anaweza kuja mdogo. Unahitaji mahali penye chumba cha upasuaji, damu ya akiba na wodi ya watoto njiti, vyote usiku na mchana. Hospitali ya wilaya pale Nansio ndiyo ya kukimbilia ikitokea dharura, usianzie bandarini. Lakini kwa kujifungua kwa mpango, kwa mtu mwenye historia yako, napendelea uwe Mwanza, Sekou Toure au Bugando. Na uwe umefika mapema. Meli inakula saa tatu na zaidi, ina ratiba yake. Kivuko cha Rugezi na Kisorya kina ratiba yake na upepo wake. Kifafa cha mimba hakina ratiba. Kama una ndugu Igoma, Buhongwa au popote mjini, panga ukae kwake kuanzia wiki ya 34. Presha ikikaa vizuri na mtoto anakua, kwa kawaida tunamzalisha mama kati ya wiki ya 37 na 39. Ikiharibika, ni mapema zaidi.

Huduma ya wajawazito kwenye vituo vya serikali kisera haina malipo, lakini nauli, chakula na malazi ni vyako, kwa hiyo sikudanganyi kwamba ni bure. Una miezi sita ya kuweka kidogokidogo. Hukutaja mume, ila kama ni mvuvi, hesabuni pamoja: tarehe hizo zitaangukia giza au mbalamwezi? Kama ni giza atakuwa ziwani kwenye dagaa usiku kucha, pengine kisiwa kingine, na pesa isiwe mfukoni kwake. Mtu wa pili ajue kila kitu. Wote mhifadhi namba 115, ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, inapigwa bure.

Siku ya kutosubiri kliniki ni hii: kipimo kikisoma 160 juu au 110 chini, hata ukijisikia mzima. Au kichwa kinauma na dawa haikitulizi, macho yanaona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya chembe ya moyo au upande wa kulia juu, pumzi fupi ukilala, uso na mikono kuvimba ghafla. Miguu peke yake ikivimba jioni hiyo ni kawaida ya mimba. Damu ukeni na tumbo gumu kama ubao, au mtoto aliyekuwa akicheza kanyamaza, ni kuondoka dakika hiyo. Nesi wako anaweza kukuchoma sindano za kwanza za magnesiamu salfeti kabla ya safari kama dalili ni kali. Dawa hiyo ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, matokeo yakatoka mwaka 2002, ikapunguza degedege la kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Muulize sasa, mapema, kama anayo kabatini.

Najua kinachokukosesha usingizi ni wodi ya njiti. Ikilazimu mtoto atoke kabla ya wiki ya 34, utachomwa sindano za kumkomaza mapafu, na zinahitaji siku moja au mbili kufanya kazi vizuri, sababu nyingine ya kuwa karibu. Akizaliwa mdogo, kifua chako ni sehemu ya matibabu. Utafiti uliofanyika nchi tano, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2021, uliwachukua watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 na kuwaweka kifuani kwa mama tangu mwanzo, bila kusubiri watulie kwanza. Vifo vilikuwa 12 kwa mia, badala ya karibu 16. Watoto wa mama mwenye presha pia huishiwa sukari haraka, kwa hiyo titi ndani ya saa ya kwanza, hata kama umetoka upasuaji na huwezi kukaa, nesi atakusaidia.

Ukishajifungua usiharakishe meli ya kurudi. Presha hupanda tena siku ya tatu mpaka ya sita, na kifafa cha mimba kinaweza kuja wakati huo, mtoto akiwa mikononi. Metildopa huwa tunaibadilisha baada ya uzazi kwa sababu ya ile huzuni. Enalaprili, niliyokukataza mwanzoni, wakati huo inaruhusiwa hata unaponyonyesha, isipokuwa mtoto akiwa njiti mdogo sana, hapo daktari wa watoto aulizwe. Uzazi wa mpango kwako ni kijiti au kitanzi. Vidonge vya homoni mbili, vile vyenye estrojeni, vinapandisha presha.

Kwa sasa, kesho au keshokutwa nenda hospitali ya Nansio, usiseme "nimekuja kliniki," sema "nina presha sugu, nina mimba ya wiki 9 na sina dawa." Beba boksi la losatani na karatasi za ruhusa za 2021 kama zipo. Omba kipimo cha mkojo, figo, sukari na wingi wa damu, na altrasaundi kabla ya wiki ya 13, maana ikija siku ya kuamua kama mtoto atolewe au asubiri, tutahitaji kujua wiki zake kwa uhakika. Kabla hawajakupima presha, omba kiti ukae dakika tano, miguu chini, mkono juu ya meza. Usipimwe ukiwa umetoka kushusha gunia la dagaa.